Kitanda cha Mama Mkwe Kimehamia Garini

Gari langu limeshafikisha umri wa kupiga kura. Lilitoka Japani likiwa mtumba, likapita mikononi mwa watu watatu ambao wote waliliuza kwa sababu ya "dharura ya kifamilia". Mwishowe likanifikia mimi, mkazi wa Picha ya Ndege, Kibaha, ambaye familia yangu haina dharura nyingine isipokuwa gari lenyewe. Injini haina neno. Gia haina neno. Mwenye maneno ni dashibodi.

Ilianza na ufa mwembamba karibu na tundu la AC. Mama watoto akaupa jina: Mto Ruvu. Kiangazi cha pili Ruvu ukapata matawi, na cha tatu kingo zake zikaanza kujikunja kama kandambili iliyosahauliwa juani. Hapo ndipo sauti ilipoanza. Kwenye lami dashibodi ilinong'ona, kwenye changarawe ikalalamika, na kwenye matuta ikalia kama kitanda cha gesti, hadi mama mmoja mcha Mungu niliyempa lifti akaomba nimshushe kabla ya kituo chake.

Naambiwa mkosaji ni jua. Nakubali, ila jua lilipata wasaidizi. Pale ninapofanya kazi kivuli cha kwanza ni cha bosi, cha pili ni cha naibu wa bosi, na cha tatu, cha mwembe, kilishachukuliwa na mama ntilie na mabenchi yake. Sisi wengine tunaanika magari kama dagaa. Mwaka 2018 watafiti wa Arizona, Marekani, walipima magari yaliyoachwa juani siku za joto kali, wakakuta baada ya saa moja dashibodi imefika wastani wa nyuzi 69 za Selsiasi. Kibaha si Arizona, lakini mimi sikulianika gari saa moja. Nimelianika miaka sita.

Aliyenifumbua macho ni fundi umeme mmoja wa Maili Moja. Ngozi ya dashibodi nyingi, alisema, ni plastiki ya PVC, ndugu wa damu wa bomba la maji. Kwa asili ni ngumu, ila kiwandani huitia vilainishi vya mafuta ili ikubali kukunjika. Jua linapoipiga kila siku, vilainishi hutoka kidogo kidogo, vikaenda kuganda kwenye kioo cha mbele. Plastiki inabaki kavu, inasinyaa, inapasuka. Kumbe ule ukungu wa mafuta niliokuwa naupangusa kila asubuhi kwa gazeti, huku nikilaumu pumzi za watoto, ilikuwa dashibodi inakata roho mbele ya macho yangu, nami naifuta machozi.

Kinachoniuma zaidi ni mji ninaoishi. Kibaha hii, ukimwambia kondakta "Tamco", anakushusha mahali penye jina la kiwanda kilichokuwa kikiunganisha malori ya Scania. Kibaha hii hii ndiko liliko Shirika la Nyumbu, kituo cha teknolojia ya magari kilicho chini ya jeshi, kilichoanzishwa rasmi mwaka 1985 kutokana na ndoto ya Mwalimu Nyerere kwamba Mtanzania aunde lori lake mwenyewe. Lori likaundwa, likaitwa Nyumbu, na jina hilo halikukosewa. Mtazame nyumbu wa Serengeti: kichwa cha ng'ombe, ndevu za beberu, mkia wa farasi, na bado anatembea mamia ya kilomita kwa mwaka bila kupitia gereji. Nikajiambia: mji uliounda lori zima utashindwaje na kiubao cha futi nne na nusu?

Ukweli, nilijiambia hivyo baada ya kwenda Dar es Salaam kuulizia dashibodi iliyotumika. Kijana wa duka la spea akanitajia laki nne na nusu. Tena ilikuwa ya rangi ya maziwa, wakati gari langu ndani ni jeusi tii. Nilipolalamika akanituliza: "Mzee wangu, rangi ni mazoea tu." Nikapanda daladala la kurudi Kibaha nikiwa mzalendo.

Jaribio la kwanza lilikuwa supagluu. "Nyunyizia na bekingi soda, bosi," walinishauri vijana wa kijiweni, "inakuwa jiwe." Hawakunidanganya. Unga ule ukikutana na supagluu huganda papo hapo, na moshi wake unakutoa machozi. Ikawa jiwe kweli. Tabu ya jiwe ni kwamba halijui kunyumbuka: jua lilipochomoza plastiki ikatanuka, jiwe likagoma, na ufa mpya ukapita sentimita moja kando ya ule wa zamani. Juu ya hayo, mvuke wa supagluu ulitua pembeni mwa nyufa na kuacha utando mweupe, dashibodi ikapauka kama goti la mtoto aliyetoroka kupakwa mafuta. Nyumbani nako keki ya Jumamosi ikatoka bapa kama chapati, na aliyeimaliza bekingi soda akatafutwa kwa jina.

Jaribio la pili nikalipeleka kwa seremala wa makabati ya jikoni. Alipima kwa kamba, kwa jicho na kwa imani. Akapendekeza MDF: laini kukata, uso tambarare, bei ya kusameheka. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa, maana yeye kazoea makabati, na kabati halinyeshewi. Gari langu linanyeshewa ndani, kwa kuwa mpira wa kioo cha mbele umechoka. MDF ni vumbi la mbao lililoshindiliwa na gundi, na vumbi likiona maji halijizuii. Masika yalipoingia ukingo wa dashibodi ukafura kama andazi, ukakimeza kitufe cha hazadi. Nikawa nikitaka kuwatahadharisha wenzangu barabarani, sharti kwanza nikichokoe kwa ncha ya kalamu.

Jaribio la tatu likawa faiba. Fundi wake alinihakikishia kwamba faiba haili maji, haiogopi jua, na hata boti zinatengenezwa kwayo. Resini, ndugu msomaji, ni kama ugali: kila kitu kiko kwenye vipimo. Kwa gramu mia za resini unatia hadena gramu moja au mbili, basi. Fundi wangu hakuwa na mizani. Alikuwa na kizibo cha soda na uzoefu. Kopo la kwanza lilichemka peke yake, likafuka moshi, likaganda na brashi ndani. Brashi hiyo ninayo hadi leo, napigilia misumari.

Kopo la pili likatulia, ila zile nyuzi za kioo zikaniingia shingoni. Aliyewahi kupitia kwenye upupu akatoka anajikuna kwenye kila mti ananielewa. Siku mbili nililala barazani, kwa sababu mama watoto alikataa shuka zake zisifanywe msasa.

Hapo nikapata akili, na mimi nikipata akili huwa ni gharama. Nilikuwa nimesoma kwamba watengenezaji wa magari wa Ujerumani huchanganya nyuzi za mkonge na plastiki, wakapata paneli za milango nyepesi na imara. Mkonge wetu huu! Ambao aliyeuingiza nchini mwaka 1893, ukaanzia huko Tanga, ni Mjerumani, Richard Hindorf. Kama mkonge unakubalika kwenye mlango wa gari la Mjerumani, utakataliwaje kwenye dashibodi ya Kibaha? Nikachukua gunia la katani, nikamwambia fundi aweke hilo badala ya nyuzi za kioo. Sikujua kwamba nyuzi za mimea zina kiu. Gunia likanywa resini yote ya siku hiyo na nusu ya kesho yake, likakauka likiwa gumu kama ngao, zito kama mwamba, na lililojikunja kama jongoo aliyeguswa. Halikuingia kwenye hata nati moja. Tena lilikuwa gunia la mahindi, na harufu haikutoka. Panya wa gereji wakaliona ghala.

Jumamosi iliyofuata tukawa na safari ya kumsalimia mama mkwe, Maneromango, wilaya ya Kisarawe. Ipo njia ya kuzungukia Dar, ukapita Gongo la Mboto na Pugu, lakini mimi na foleni hatuzungumzi. Tukakata Mlandizi, tukaingia njia ya vumbi ya Mzenga. Tulipovuka reli ya TAZARA, kipande kikubwa kilichobaki cha dashibodi ya Wajapani kikaniangukia mapajani. Mama watoto hakusema kitu. Alikiokota, akakitumia kujipepea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Gari linaumwa?" Alikuwa amelisikia kabla hajaliona.

Mjomba wa mke wangu, jirani yao, akaitwa. Mjomba ni mchongaji. Ujanani alichonga mwana hiti, vile vinyago ambavyo Wazaramo humpa mwali aliyewekwa ndani. Siku hizi anachonga vinu, michi na mbuzi za nazi. Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora, na Mzaramo kwa Mnyamwezi ni mtani, kwa hiyo nilijua rambirambi nitaletewa na chumvi. Akalizunguka gari mara mbili, mikono nyuma.

"Mnyamwezi, babu yako alitembea kutoka kwenu mpaka Bagamoyo na pembe ya ndovu begani, hakulalamika. Wewe umekalia kiti, unalia na ubao."

"Nisaidie, mjomba. Nafikiria mpingo."

"Mpingo ukiutia majini unazama. Unatengeneza gari au nanga?"

"Mwembe je?"

"Utapinda, na wadudu watakushukuru."

"Sasa upi?"

"Mninga. Ukishakauka umekauka. Haufuri, haupindi, haukugeuki."

Nilicheka kwa uchungu. Mninga! Mti ambao kwetu Tabora unatoa utomvu mwekundu kama damu ukiuchanja, mti niliouacha nyuma nikaja kuuombea Uzaramoni. Hata hivyo mjomba akanikata maini: mninga wa msituni haukatwi bila kibali, na yeye na maliasili wanaishi kwa amani, hataki kuivuruga kwa ajili ya mkwe.

Ndipo sauti ya mama mkwe ikatoka ndani: "Si kipo kile kitanda cha marehemu baba yenu? Kimeegeshwa tu stoo, kuku wanatagia."

Nikamtazama mke wangu. Mke wangu akatazama mbali, upande wa mikorosho. Kitanda kile kilichongwa kabla yeye hajazaliwa, na kwa hesabu yoyote ya heshima alizaliwa kwa sababu yake. Lakini mbao zake zilikuwa zimekauka zaidi ya miaka arobaini, na seremala gani atakuuzia mbao ya namna hiyo? Nikashukuru kwa mikono miwili.

Kazi ilituchukua wikiendi tatu, na ndani yake nikajua kwa nini majaribio yangu yote yalishindwa: nilikuwa nachagua vitu bila kuuliza vitakaa wapi. Mjomba aliuliza kila kitu. Jua linaingilia upande gani? Maji yanavujia wapi? Chini yake pana chuma au plastiki? Kisha akadai maboksi ya sabuni, akakata moja, akalijaribu garini, akalitupa, akakata la pili. Boksi la nne ndilo lililokaa bila kubishana, na ndilo lililochorwa juu ya mbao. Vipande viwili vya ubavu wa kitanda vikaunganishwa kwa gundi na vigingi vya mti. Misumari aliikataa: msumari hulegea kwa mtikisiko, kigingi huzidi kuumana. Nyuma akachimba kwa tezo kuachia nyaya na bomba za hewa nafasi. Na kila mahali mbao ilipogusana na chuma akapitisha utepe wa tyubu ya baiskeli, "ili wasisuguane wakagombana."

Mimi kazi yangu ilikuwa msasa. Vumbi la mninga linakuna pua vibaya sana, nikapiga chafya kutwa nzima. "Mti umemtambua mtu wa kwao," akasema mjomba.

Kikwazo kikawa upande wa abiria. Pale pana erbegi. Nilikuwa tayari kupafunika, fundi umeme wangu akapiga kelele kwenye simu hadi kuku wakashtuka. Kifuniko cha erbegi, alisema, kimetengenezwa kwa makusudi kiwe na mshono dhaifu ili kipasuke. Mfuko ule hufumuka kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na ukikuta ubao mbele yake, ubao unakuwa kombora. Basi kipande kile cha Wajapani nikakiacha palepale, na ufa wake.

"Yaani," akasema mama watoto, akiwa amekaa kwenye kiti chake cha kila siku, "kitanda ni cha baba yangu, mninga umekaa upande wako, mimi nimeachiwa ufa?"

"Ni kwa usalama wako."

"Hayo ndiyo uliyosema na siku ya harusi."

Vanishi nikanunua mwenyewe, inayong'aa kama kioo, maana nilitaka watu waone. Waliona. Nisiyeona ni mimi: saa sita mchana dashibodi yote ikajichora kwenye kioo cha mbele, nikawa naendesha huku nikitazama kitanda cha wakwe kikielea juu ya barabara. Ndipo nikaelewa kwa nini dashibodi za viwandani hufifishwa zising'ae. Nikarudi kwenye msasa, chafya zikarudi, nikapaka vanishi iliyofifia.

Safari ya kurudi Kibaha ikasimama kwenye kizuizi cha ukaguzi wa mazao ya misitu. Afisa, kijana mwenye adabu zake, akachungulia ndani.

"Shikamoo mzee. Naona mninga. Hati ya kusafirishia ipo?"

"Marahaba. Huu si mninga, mwanangu, hii ni dashibodi."

"Kabla ya kuwa dashibodi?"

"Kilikuwa kitanda."

Akamtazama mke wangu. Mke wangu akathibitisha kwa kichwa, kwa huzuni. Mimi, badala ya kunyamaza, nikatoa elimu: kwamba dashibodi asili yake ni kwenye magari ya kukokotwa na farasi, ilikuwa ubao uliowekwa mbele ya dereva kuzuia tope linalorushwa na kwato, kwa hiyo hii yangu haikuzua jambo, imerudi kwenye asili yake.

"Kwa hiyo mzee unakiri kwamba ni ubao," akasema.

Tulikaa pale dakika arobaini. Kilichotuokoa ni upande wa chini wa dashibodi: mjomba alikuwa ameacha kipande cha nakshi ya ubavu wa kitanda, maua mawili na herufi za kwanza za jina la marehemu baba mkwe. Afisa akamulika tochi, akapapasa, akasema hata babu yake anacho kama hicho. Akatufungulia.

Ninachotaka kulalamikia leo, hata hivyo, si hayo.

Dashibodi imekaa miezi mitano sasa. Jua limeipiga, haikupasuka. Maji yamevuja, haikufura. Matuta ya Mlandizi hadi Maili Moja imeyapita bila kutoa neno. Imenyamaza kabisa, na hilo ndilo tatizo. Miaka yote ile, dashibodi ilikuwa inapiga kelele kwa niaba ya gari zima. Iliponyamaza, wengine wakapata nafasi ya kusikika. Nasikia shokapu ya kushoto ikikohoa. Nasikia boljointi ikitafuna. Nasikia kitu nyuma kinachogonga mara mbili kila tuta, kama mgeni mwenye adabu. Nasikia hata maneno ambayo mama watoto amekuwa akiyasema taratibu kuhusu uendeshaji wangu tangu tununue gari, ambayo zamani nilidhani ni dashibodi.

Juzi nimelipeleka kwa fundi. Akaingia chini ya uvungu, akatoka na mafuta mashavuni, akaniandikia orodha kwenye boksi la sigara: bushi za mbele, zote, zimekwisha. Nikasoma jumla yake. Nikaisoma tena nikiwa nimekaa. Nikampigia mjomba Maneromango, si kumwomba kitu, nilitaka tu mtu wa kunihurumia.

Akasikiliza hadi mwisho. Kisha akakaa kimya, ule ukimya wa mtu anayegeuza kipande cha mti mkononi.

"Hizo bushi, Mnyamwezi," akasema, "kipimo chake ni kama mchi au kama mwiko? Maana stoo bado kuna miguu minne."